Tandiko la Pipa

Toronto

Dada yangu Shireen,

Salaam aleikum. Naomba ikukute mzima, na shemeji Anverali goti liwe limemwachia. Huku sisi tupo, baridi imeshika. Mwanao Tasleem anakula vizuri, mkono bado umening'inizwa shingoni, daktari anasema mfupa unaunga. Naandika kwa mkono, nitaipiga picha nikutumie, kwa sababu kwenye simu najijua, nitaishia kukuuliza bei ya nazi. Hata sasa nimeshainuka sijui mara ngapi. Naenda dirishani, narudi.

Unamkumbuka Mzee Pyarali, yule wa Mwanza aliyenipa kazi kwenye banda lake la farasi kule mbele ya Richmond Hill. Ana farasi mmoja wa aina wanayoiita kobi: mfupi, miguu minene yenye manyoya, mgongo mpana kama meza ya kulia. Mzee kampa jina Pipa. Tabu ya Pipa ni mavazi. Mablanketi ya baridi ya dukani yamekatwa kwa farasi wembamba. Ukimvika, vifungo vya kifuani havifikiani na mabega yanachubuka. Tukachukua kubwa zaidi, likaburuta nyuma kama gauni la bibi harusi na kifuani bado likabana. Mwisho nikalifumua, nikatia kipande, nikashona kwa mkono kama marehemu baba alivyotufundisha kushona magodoro. Likamkaa barabara. Mzee akaita watu waje waone, akawaambia ana fundi wa Tanga, Wazungu wabaki na maduka yao. Kichwa kikanivimba, dada.

Basi akaniachia nitafute na tandiko la kupandia. Nikazunguka mpaka Vaughan, yote membamba. Nikaleta moja nililoona linakaribia. Lilikaa juu juu, halikushuka mgongoni. Mzee akaniuliza kama linamfaa, nikamjibu limemkaa kama pete. Nikajiambia nitaweka kitu laini chini yake. Si unajua kwetu, kitanda kikiwa kigumu unaongeza tandiko, unalala? La kitanda tandiko, la farasi tandiko, na mimi nikayafanya kitu kimoja. Nikakunja blanketi nikalisokomeza chini. Kumbe shida haikuwa ugumu, lilikuwa linabana, na kila nilichoongeza kilizidi kubana, kama kuvaa soksi ya pili ndani ya kiatu kidogo. Pipa akawa analaza masikio nikimfunga mkanda. Nikimgusa karibu na mabega anatetemeka. Niliona. Nikamwambia aache madeko.

Jumamosi ile Tasleem akaomba kumpanda. Nikamtandikia mwenyewe. Mengine unayajua, Pipa alirusha miguu, mtoto akaanguka. Ukamgombeza kwenye simu kwamba kaacha vitabu anacheza na wanyama, lazima alimpiga farasi teke. Akakujibu kwa Kiingereza kwamba hakufanya chochote, ukamwambia asikuletee kizungu chake. Mimi nilikuwa pembeni yake kwenye kochi. Nikainama kutafuta rimoti. Mzee naye anasema Pipa kaharibika tabia, anamtafutia mtu wa kumchukua.

Hakufanya chochote, dada. Si mtoto, si farasi. Ni mimi. Nilijua tandiko linamuumiza, na bado nikamkalisha mwanao juu yake ili nisionekane sijui kazi.

Leo nimemwambia Tasleem. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama Pipa alikuwa anaumia muda wote ule. Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani, mpaka sasa hajatoka. Kesho naenda kumwambia Mzee Pyarali. Akinifukuza ana haki, ila Pipa asiondolewe kwa kosa langu.

Nisalimie shemeji, na jirani Kubra. Najua ukimaliza kusoma utataka kunipigia. Usinipigie mimi kwanza. Mpigie mwanao, mwambie alikuwa anasema kweli. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Mdogo wako,
Hasham