Kisiki cha Bombani

Jumamosi, mwezi wa nne, saa kumi na mbili jioni. Manyunyu tangu mchana, na ukungu umeshuka mpaka kwenye hema. Nikikosea herufi nisamehewe.

Naandika nikiwa ndani ya gari, kwenye kambi ya Mzee Tluway, chini ya msitu wa Ngorongoro, upande wa Karatu. Usisikie kambi ukadhani ni hoteli. Ni uwanja wa nyasi, choo cha shimo, banda la bati la kupikia na bomba moja, kama hatua thelathini kutoka hemani. Umeme hakuna. Msimu huu wa mvua hata wageni hakuna, tuko mimi na mke wangu tu. Ukimya huo ndio nilioufuata. Nilitaka mahali ambapo nikishasema ninachotaka kusema, hakuna jirani wa kusikiliza dirishani.

Sioni vizuri.

Haya, nimeiandika. Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila ninachokula nyumbani kimetokana na macho haya. Daktari wa macho aliniambia tangu mwezi wa kumi: mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Akasema unafanyiwa upasuaji, unapumzika, unarudi kazini. Nikaitikia vizuri kabisa, nikarudi Karatu, nikanyamaza. Kisu hakikunitisha sana. Kilichonitisha ni maneno ya watu. Mji wetu ni mdogo, na ikishasemwa kwamba fulani macho yamemchoka, utapona na bado wataendelea kuulizana kama umepona.

Kwa hiyo nikawa mjanja, na ujanja wenyewe leo nauonea haya. Nikiwa chini kreta, lile bonde la wanyama la Ngorongoro, na wageni nawaambia tufanye mchezo: atakayemwona kifaru wa kwanza namnunulia soda. Wanafurahi kama watoto, wanashika darubini, wananitafutia wanyama mimi niliyelipwa kuwatafutia wao. Vingine navipata kwenye redio. Deo, dereva mwenzangu, akisema simba wako karibu na bwawa, naenda nasimama pale magari mengine yaliposimama.

Mwezi uliopita mama mmoja mgeni alinipigia kelele nisimame. Pundamilia alikuwa katikati ya barabara, mbele ya bampa. Nikacheka, nikamwambia nilikuwa nampima. Naye akacheka. Usiku huo sikula.

Na Jumanne nilitakiwa kushuka tena kreta na wageni sita. Anayeijua ile njia ya kushukia anajua ukingo wake ulivyo.

Ndiyo maana nikamleta mke wangu, Mama Theo, huku, nimwambie kabla ya Jumanne. Nilipomwambia twende tukalale kambini alicheka sana. "Miaka yote unawalaza wazungu kwenye mahema, leo na mimi nimekuwa mzungu?" Akafunga sufuria, unga, maharage na khanga mbili, akapanda. Njiani nilikuwa naendesha kwa kukariri. Kila kona naijua. Nilikuwa naomba tu asitokee mtu na ng'ombe.

Tulifika, tukasimamisha hema, tukanywa chai. Nikasema nitamwambia tukimaliza chai. Chai ikaisha. Nikasema nitamwambia akishabandika maharage.

Saa kumi hivi akachukua ndoo aende bombani. Akapiga hatua chache, akasimama.

"Baba Theo, kile cheusi pale kwenye bomba ni nini?"

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu kazi yetu. Dereva wa watalii hasemi "sijui". Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia: mgeni akiuliza, jibu, na ujibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa palepale. Ukisita tu, amekosa imani nawe safari nzima. Miaka ishirini na mbili nimejibu hivyo, ndege nisiowajua nimewapa majina, vilima nimevipa historia.

Nikatazama. Niliona doa jeusi ndani ya ukungu, halina mbele wala nyuma. Nikajibu kwa sauti ileile ya kazini:

"Kisiki hicho. Kipo tangu mwaka jana."

Akaenda. Kwa nini asiende? Mumewe ndiye anayewajua wanyama.

Nilisikia ndoo ikianguka. Kisha nikamsikia akisema neno la Kiiraqw ambalo hasemi mbele ya watoto, kwa sauti ndogo sana. Halafu nikasikia pumzi nzito ya pua, na hiyo sikuhitaji macho kuitambua. Nyati. Na nyati aliye peke yake karibu na watu ni dume zee lililoachana na kundi, yule tunayewaonya wageni kuliko simba.

"Simama. Usikimbie," nikamwambia.

Nilijua kila kitu cha kufanya, ila kimoja. Ilinibidi nijue mnyama yuko upande gani, yuko umbali gani, na banda liko upande gani wa mke wangu. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Madoa mawili, moja khanga, jingine sijui. Sekunde ngapi nilipoteza nikitafuta namna ya kuuliza bila kuuliza? Hata pale, mke wangu akiwa mbele ya pembe, nilikuwa bado nalinda siri.

Halafu nikauliza.

"Yuko wapi?"

"Yuko wapi vipi? Si huyu hapa mbele yangu!"

"Mama Theo, simwoni. Niambie anafanya nini."

 Najua alielewa yote palepale.

"Ameinua kichwa," akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. "Ananitazama. Hatua kumi na tano."

"Banda liko upande gani wako?"

"Kulia, nyuma kidogo."

"Rudi huko kinyumenyume. Polepole. Usimpe mgongo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Yeye akinisimulia, mimi nikimwelekeza, hatua kwa hatua. Amepiga kwato. Simama. Ameinamisha kichwa, anakunywa. Endelea. Nilipolisikia bati la banda likigongwa na bega lake, nikamfungulia mlango wa gari. Dume lile lilikunywa maji ya bomba linalovuja kwa raha zake, likarudi msituni.

Akaja akaingia kwenye gari. Nikamwambia yote, ya daktari, ya mchezo wa soda, ya pundamilia. Mama yangu alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kilikuwa kinakuja kuniumbua kwa kumchukua mtu mwingine.

Alilia, kisha akakasirika. Hakunigombeza kwa ugonjwa wala kwa kuficha.

"Ungesema hujui," akasema. "Neno moja tu. Ningeangalia mwenyewe."



Akashuka, akatazama pande zote nne, akaenda kuchochea moto wa maharage. Nami nikafungua simu, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, nikamwandikia bosi: sitashuka na wageni Jumanne, sioni vizuri, nahitaji upasuaji. Nikamwita Mama Theo aje aisome. Akaisoma mara mbili, akanirudishia, akasimama palepale mpaka nilipobonyeza kutuma.

Bosi hajajibu. Sijui atasema nini. Sijui kama baada ya upasuaji nitapewa tena gari la kazi. Sijui.

Nimempigia Deo. Asubuhi atakuja kwa bodaboda kutuchukua. Nimemwambia sababu, naye akasema, "Kaka, mbona sisi tulijua siku nyingi?"

Gari hili nililinunua mwenyewe, na tangu siku hiyo hajaliendesha mtu mwingine. Kesho nitampa Deo ufunguo, nami nitakaa kiti cha kushoto.