Senene wa Kitambaa cha Kijani

Karibu na Misheni ya Rubya,
Ihangiro, Wilaya ya Bukoba.
6 Desemba 1953

Mpendwa mwanangu Theopista,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza kutoka kwa baba yako Karugendo. Hujambo mwanangu? Projestus mumeo hajambo? Watoto wanakula? Najua huko mnakula samaki kila siku, lakini mtoto wa Kihaya asipopata ndizi hajashiba, hata akivimba tumbo. Sisi huku tupo. Mimi mzima. Meno yangu bado yanatafuna kahawa bila shida, na wenzangu niliobatizwa nao wote sasa wanalishwa uji.

Barua hii nimeandika mwenyewe. Katekista alikuja na kalamu yake nikamwambia arudi nayo. Herufi zangu zinalala kidogo, lakini zinafika.

Barua yako ya pole imefika. Usijilaumu kwamba meli ilikuchelewesha ukakosa mazishi. Meli haijui msiba wa mtu. Mama yako tulimzika kwa heshima, kibanjani, upande wa chini penye migomba aliyoipanda yeye, na padri alikuja mwenyewe.

Umeniuliza kama nalia. Silii. Watu walikaa hapa wakingoja nilie, wakachoka wakaenda. Nimekufa ganzi, basi. Unajua ukikalia mguu muda mrefu, halafu unaugusa unaona kama wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyo mwili mzima. Ndizi nakula, ladha siisikii. Mvua inanyesha, naisikia kwenye bati kama inanyesha kwa jirani.

Sasa nikueleze habari ya lubugo, ile nguo yangu ya gome, maana najua shangazi yako Kokushubila amekwisha kukupelekea maneno.

Mama yako alipolazwa na ugonjwa baada ya Krismasi, hakuweza tena kutoka nje. Kila nikitoka kibanjani ananiuliza, "Baba Theopista, migomba inasemaje?" Namjibu mizuri. "Mizuri vipi? Wewe hata mgomba ukikuangukia utasema mzuri." Nikaona dharau. Nikaanza kumletea vitu mkononi: jani, ganda, ua. Anavitazama, anasema, "Nimeona jani. Sijaona kibanja."

Basi nikatoa lubugo wangu, ule mwekundu mzuri wa gome la mti wa mtoma, niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kuzikiwa mimi. Nikautundika ukutani mbele ya kitanda chake. Nikatengeneza ulimbo kwa utomvu wa mfenesi, uleule tuliokuwa tunanasia ndege, na hapa Ihangiro hakuna aliyenasa ndege kunishinda mimi. Nikaanza kubandika.

Sehemu ya kwanza ilikuwa jua lile dogo la Januari. Nyasi za njano, vumbi jekundu, manyoya ya kuku. Mvua za Machi zilipokuja nikaongeza kuvu la mawe, majani machanga ya mgomba niliyoyakausha chini ya godoro, na majani ya mihogo ya shangazi yako, ambaye sikumwomba. Kyanda ilipoingia, jua lile refu, nikabandika maganda ya kahawa kutoka kwenye majamvi, na magome makavu ya migomba. Mwanangu, gome la mgomba lina rangi nyingi kuliko duka la Mhindi. Hilo hakuna aliyewahi kuliona kabla yangu. Watu walitoka hata Muleba kuja kutazama. Kuna mwalimu wa seminari alivua kofia.

Mama yako tu ndiye aliyeona kasoro. "Kahawa umeiweka juu ya mgomba. Imepanda mbinguni?" Nikamwambia ndivyo ilivyo ukitazama kutoka mlimani. "Lini wewe ulipanda mlima?" Sikuibandua. Mpaka leo iko juu.

Ikabaki kona moja, ya mvua za mwisho wa mwaka. Akasema, "Hapo uweke senene. Nitangoja niwaone." Nikamwambia nitaweka. Hiyo ndiyo ahadi, na mimi ahadi zangu watu wote wanazijua.

Kwa ajili ya senene, nguo ilikuwa tayari. Unajua mwenyewe utaratibu: mwanamke huokota, mume hula, na mume akishakula hutoa nguo. Tangu nimwoe mama yako, mwaka gani nilikosa kumpa nguo ya senene? Haupo. Safari hii nilinunua mapema, mwezi wa tisa, dukani Kamachumu, kitambaa cha kijani, kile kizito. Nikakifungia sandukuni. Joviana jirani yetu alikiona, akaniambia, "Mpe sasa hivi, mzee, akishike." Nikakataa. Nguo hutolewa baada ya senene, si kabla. Ukitoa kabla, ni kama umewafukuza.

Mama yako alifariki Oktoba. Senene walikuja Novemba.

Walikuja wengi mwaka huu. Asubuhi ukungu umeshika majani yote na wanawake wamejaa mbugani na vikapu vyao. Na mimi nikaenda. Sikuwa na mtu wa kumtuma, na kona ilikuwa wazi. Mwanamume mzima na mvi zangu, nimeinama katika nyasi kati ya wanawake. Walicheka mpaka wengine wakamwaga vikapu. Joviana akapaza sauti, "Baba Theopista! Na wewe nguo utapewa na nani?" Wakazidi kucheka. Halafu mmoja akakumbuka, akainamia kikapu chake, na wote wakainama. Niliendelea kuokota. Sikuona uchungu, sikuona haya.

Nikawabandika wakiwa wabichi, kijani kabisa. Kesho yake wamegeuka rangi ya tumbaku. Kesho kutwa sisimizi wamepanda ukutani wanabeba miguu. Nikabandika wengine, ikawa vilevile. Magome yanakaa, maganda yanakaa, senene hakai.

Hapo siku ya kumaliza msiba ilikuwa imekaribia. Shangazi yako alikuwa amekwisha kusema mbele ya ukoo wote kwamba majani yaliyotandikwa sakafuni wakati wa ugonjwa yatatolewa yachomwe, na lubugo utatoka nayo. "Kitu cha mgonjwa hutoka na majani ya mgonjwa. Na wewe Karugendo hata hukukimaliza. Kitu kisichokwisha ndani ya nyumba humwita mtu arudi." Ukoo wote ukaitikia. Nikawaambia atakayeugusa ataondoka na mkono mmoja. Lakini usiku nilijua wao ni wengi na mimi ni mmoja, na kona ni tupu kweli.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla hawajaja, nilifungua sanduku nikatoa kile kitambaa. Nikachukua wembe. Nikakata senene wa kitambaa. Nilikata mabawa, nikakata miguu ile mirefu ya nyuma, na mahali pa pembe zao nikaweka nyuzi zilizochomoka kwenye pindo. Nikawabandika konani mpaka pakajaa. Katika nchi hii hakuna mzee anayekata namna hiyo.

Wakaja, wakaanza kutoa majani. Shangazi yako akaingia chumbani moja kwa moja na mkono umekwisha kunyooka. Akasimama.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Nguoni."

"Nguo gani?"

"Ya senene. Ya mwaka huu."

Akasogea akagusa mmoja kwa kidole. "Huyu umembandika miguu juu."

"Ameanguka," nikamwambia. "Senene huanguka."

Akabeba majani kifuani akatoka nayo. Lubugo uko ukutani. Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa kitambaa kilichobaki nakuletea kwa mkono wa Clavery, fundi baiskeli, anapanda meli Jumatatu. Kinatosha nguo nzima, maana nilikata upande mmoja tu, chini. Ukikifungua utaona matundu. Usimlaumu muuza duka wala panya. Wape mafundi wakushonee, lakini matundu wasiyazibe wala wasiyakate. Yakae pindoni hapo chini. Ukija kutusalimu uje umeivaa, usimame karibu na ukuta, nione kama senene wale wanaingia matunduni.

Nisalimie Projestus, mwambie jembe aliloniletea nililitumia na nitaendelea kulitumia. Nisalimie Immakulata mjukuu wangu, na mama mkwe wako Alistidia. Huku Joviana anakusalimu, na shangazi yako Kokushubila anakusalimu sana, ameniambia niandike neno sana.

Mungu awafunike ninyi nyote kama majani ya mgomba yanavyofunika chungu, moto usiwapungukie.

Ni mimi baba yako akupendaye, na ganzi hii haijafika huko,

Karugendo