Kijana wa Kitabuni Anayekula Pap

Jumamosi, Agosti 2018

Upepo wa Agosti umevuma tangu asubuhi, vumbi la Joburg limeniingia mpaka kwenye meno, na mimi nina hasira na akina mama wawili. Mmoja ni wangu. Mwingine anaishi ndani ya riwaya niliyoazima maktaba.

Shajara, nianze na riwaya. Kuna msichana aliyezaliwa Marekani, wazazi wake walitoka Korea, wana duka la dobi. Wanamtaka asome udaktari, asali kanisani kwao na aolewe na Mkorea mwenzake. Yeye anampenda mvulana asiye Mkorea, na anamficha. Niliimaliza kwa siku mbili huku nikilia. Weka Bukavu walikotoka wazazi wangu badala ya Korea, weka cherehani ya Mama badala ya duka la dobi, na hiyo ndiyo nyumba yetu.

Mvulana wangu anaitwa Kagiso. Ni kijana wa Soweto, anafanya kazi kwenye ghala moja kule Midrand. Tuna miezi minane sasa, na nyumbani sijamtaja hata mara moja.

Mama hasomi Kiingereza. Kila Jumamosi huwa naenda kumsaidia kwenye chumba chake cha ushonaji, Marshalltown, ghorofa ya pili. Yeye anashona, mimi napachika vifungo. Basi nikajiona mjanja. Nikasema nitamsomea kitabu hiki kidogo kidogo, nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Atamwonea huruma msichana, na siku moja nitamwambia kwamba msichana huyo ni mimi.

Mama hakumwonea huruma msichana. Alimpenda mama mtu.

"Ule mama iko na haki," ananiambia kila Jumamosi, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Anaamukaka saa kumi juu ya mutoto, na mutoto anamudanganya."

Akawasimulia hata wenzake wa kwaya. Jumapili iliyopita mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniuliza mama wa dobi anaendeleaje, kana kwamba anakaa hapa mtaani kwetu Yeoville. Nilitamani kukitupa kile kitabu dirishani.

Sasa ngoja nikiri. Nilipoona hivyo, nilianza kuchakachua hadithi. Kijana wa kitabuni ni mvivu, na wakubwa anawajibu ovyo. Mimi nikamfanya aamke mapema. Nikamfanya awasalimie wazee kwa mikono miwili, na acheke kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Wiki baada ya wiki nilimtoa kijana wa Marekani nikamwingiza Kagiso, na Mama akawa anasikiliza tu. Alisema mara moja kwamba huyo kijana ana adabu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba.

Leo tulifika pale kijana anapoalikwa chakula. Nilikuwa na kifungo mdomoni na akili kwingine. Nikatafsiri haraka haraka: kijana akasema atakula chochote watakachompa, ila kwao amezoea pap.

Cherehani ikasimama.

"Kule Amerika banakulaka pap?"

Nikatoa kifungo mdomoni. Nikasema labda wapo, watu wa Afrika Kusini wamefika kila mahali, na pap si ndiyo huu ugali wetu tu, Mama. Nilijiona mjinga hata kabla sijamaliza. Mama akageuza kiti akanitazama.

"Noella," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Soma."

Nikasoma. Sikumbuki nilisoma nini.

Dada yangu Sifa anaolewa mwezi ujao, na kijana wa kwetu, bila shaka, kila mtu anafurahi. Ndiyo maana Mama ana kazi nyingi hivi: anashona nguo za familia nzima kwa kitenge kimoja. Kwetu siku ya harusi ukivaa kitenge cha familia, hakuna anayeuliza wewe ni wa nani. Gauni langu liko tayari, shati la Baba liko tayari, ya wajomba yamekwisha.

Tulipokuwa tunafunga, Mama alikunjua kipande kilichobaki akakipima kwa mkono wake.

"Iyi inatosha shemizi moja ya mwanaume," akasema.

Nikahesabu kichwani. Hakuna mwanaume wa kwetu aliyebaki bila shati, na yeye anajua kuliko mimi.

Akaendelea kukunja, macho kwenye kitambaa. "Ule kijana ya mu kitabu. Mabega yake ni ya namna gani?"

Miezi minane nimemlalamikia Kagiso kwamba Mama hatanipa nafasi ya kusema. Nafasi ndiyo hiyo, kaikunjua mezani. Na mimi, mtu mzima wa miaka ishirini, nikajibu:

"Kitabu hakisemi, Mama."

Akakiweka kitambaa chini ya mkasi. "Basi," akasema, akachukua funguo. Tukashuka ngazi.

Nimemkasirikia Mama kwa kujua na kunyamaza, lakini hiyo hasira haishiki. Kurasa mia mbili nilikuwa namwita yule msichana mwoga, na yeye mwishowe alimwambia mama yake, mbele ya mashine za kufulia. Mimi niliulizwa kabisa, na bado nimekwepa.

Nimemwandikia Kagiso sasa hivi apime mabega, kifua na urefu wa mikono.

"Eish, vipimo vya nini?" ameuliza.

Sijamjibu. Vipimo akishanitumia, kesho kabla ya ibada nitamsomea Mama, jina la mwenye mabega likiwa la kwanza, na safari hii sitabadilisha kitu.