Baba Kasema Chochote Tu

Vaishali, uko? Nimetoka chumbani kwa baba sasa hivi.

Daktari kasema dawa basi, tumpe anachopenda. Mzee Kedar kaja, yule rafiki yake wa kubishana. Kaleta bangi ya kila namna: ya kuvuta kwa kiko, ya kutafuna, na iliyosagwa na lozi kwenye maziwa.

Baba huyu huyu, Vaishali! Aliyeondoka kwenye harusi ya mpwa wake kwa sababu walimpa bangi ya kiko badala ya ile ya maziwa!

Kedar akamchokoza, "Haya bwana mkubwa, chagua. Leo ukivuta moshi sitakucheka."

Baba akasema, "Chochote tu, Kedar."

Chochote!

Kedar akasema, "Acha utani, we mzee. Nitukane basi!"

Baba akafumba macho. "Chochote tu, ndugu yangu. Usijisumbue."

Kedar kaketi sakafuni, kamshika miguu, analia kwa sauti. Mimi nikachukua yale maziwa, nikamnywesha baba kwa kijiko. Kameza. Hakuuliza hata nani kasaga.

Ulisema utakuja Banaras Jumamosi. Usisubiri, dada. Panda treni ya leo.