Mlango Mmoja wa Kihesa

Kihesa, Iringa
12 Septemba 1954

Mpendwa Baba,

Ugonile, Tata. Nakuamkia kwa lugha ya nyumbani, maana huku sina wa kuniitikia isipokuwa mke wangu Ikupa, na yeye nimekwisha kumwamkia asubuhi. Sisi tu wazima, mafua tu yanatusumbua. Hofu yangu ni juu yako na mama na dada Damari. Mguu wa mama unaendeleaje?

Kazi nimepata, namshukuru Mungu. Mimi ni karani katika ghala la nafaka karibu na soko. Mshahara ni ule wanaouita wa kuanzia. Bwana mkubwa alisema makarani wote wameanza nao, akasema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Mkisikia shilingi tisini mkiwa Ilomba mtadhani nimetajirika. Baba, huku hazifiki tarehe ishirini. Mji umejaa maofisa na walowezi wa mashamba ya tumbaku, na wenye nyumba na wenye maduka wamezoea mifuko ya watu hao. Kuni tunanunua. Hata majani ya maboga, ambayo mama huwagawia majirani bure, huku tunanunua. Siku ya kwanza Ikupa alipotajiwa bei alicheka, akidhani mwenye mboga anamtania.

Tumepanga kwa mjane mmoja wa Kihehe, jina lake Severina. Chumba ni kimoja, na mlango ni mmoja, unaofungukia barabarani. Severina ni mtu mwema, ila kodi hana mzaha nayo.

Jioni wenyeji huketi na ndugu zao. Sisi tunaketi wawili tukisikiliza vicheko vya watu. Niandikie upesi, Baba.

Mwanao,
Asukile


Ilomba, Mbeya
4 Oktoba 1954

Mwanangu Asukile,

Ndaga, mwana, asante. Barua yako imefika na imesomwa mara mbili. Ya pili niliisoma kwa sauti, kwa sababu Mzee Filemoni alikuja kunywa chai akakataa kuondoka kabla hajasikia habari za karani wetu. Anauliza kama ofisi yenu hugawa baiskeli. Nimemwambia hugawa mafua.

Sisi hatujambo. Mguu wa mama yako unauma ukisikia jembe, ukisikia ngoma ya arusi unapona. Damari anakusalimu.

Utaona mwandiko wangu umekuwa mkubwa. Si majivuno, mwanangu, macho yananiacha. Yalianzia pembeni. Kilicho mbele yangu nakiona, lakini mtu akija kwa ubavuni simjui mpaka aniguse. Mganga wa hospitali ya hapa amesema ugonjwa huu unakula macho polepole, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ila kuna daktari wa macho atakayekuja Iringa mwezi wa Machi, atakaa majuma matatu. Anayetaka kuokoa yaliyobaki awe anakwenda kwake kila asubuhi kutiwa dawa.

Niliposikia neno Iringa nilicheka peke yangu njiani. Nikasema, Mungu si Athumani, mwanangu yuko huko huko. Basi nitakuja kukaa kwako. Nina hamu nawe kuliko hayo macho.

Baba yako


Kihesa, Iringa
30 Oktoba 1954

Mpendwa Baba,

Salamu kutoka kwetu sote. Nasema sote kwa maana Ikupa ni mjamzito, na mkunga anatazamia mwisho wa Machi. Tunamshukuru Mungu. Wewe unaendeleaje?

Habari ya macho yako imeninyima usingizi. Njoo, Baba, lazima uje. Lakini nikueleze hali ilivyo, ili usije ukadhani nakukataa. Chumba ni kimoja. Nilipomweleza Severina kwamba kwetu mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hawakai chumba kimoja, akaniuliza, “Na mvua ikinyesha?”

Nimefikiri kumrudisha Ikupa nyumbani kwa mwezi huo, lakini mkunga amekataza kabisa asipande lori na mimba kubwa kwenye barabara ile. Rafiki yangu Didas, dereva wa lori, analala na wenzake watatu katika chumba kama hiki changu. Nyumba za wageni nimeuliza bei, nikarudi zangu nyumbani. Kuna chumba cha pili hapa hapa kwa Severina, kitupu, chenye mlango wake wa uani. Kingetutosha kabisa. Kodi yake ndiyo inayonishinda.

Nilikwenda kwa bwana mkubwa kuomba niongezwe. Akasema mshahara wa kuanzia haubadiliki mpaka mtu atimize miaka mitatu, akanipa na methali juu yake: haba na haba hujaza kibaba.

Je, tukitundika pazia katikati? Kuna Wanyakyusa wenzetu wa mjini wanafanya hivyo siku hizi. Mchungaji naye anasema si dhambi.

Mwanao,
Asukile


Ilomba, Mbeya
21 Novemba 1954

Mwanangu,

Nimefurahi mpaka nimempa Mzee Filemoni chai bila yeye kuomba. Mwambie mkamwana wangu namwombea kila jioni. Ale mboga, hata kama ni za kununua.

Bwana mkubwa wako anajua methali vizuri. Mwambie kibaba chako kina tundu, na tundu lenyewe ni Iringa.

Juu ya pazia, nimelifikiri. Pazia ni nguo tu, mwanangu. Halizuii kikohozi changu, wala halimzuii Ikupa kunisikia nikikoroma kama ng'ombe mgonjwa. Mchungaji ana haki, si dhambi. Lakini si kila ninachokiacha nakiacha kwa kuogopa dhambi. Yule binti amenistahi tangu siku ya kwanza alipoletwa hapa. Akisikia nakuja huiacha njia akaingia migombani, hata akiwa na mtungi kichwani. Ndiyo maana nami hukohoa tangu mbali, ili apate kupita bila kuhangaika. Hatujawahi kusemezana neno hata moja, na bado tunapatana sana. Heshima si utumwa. Nikienda kumpumulia chumbani akiwa katika hali ile, nitakuwa nimemlipa nini?

Usikope pesa kwa ajili yangu. Machi nitakuja, na nikifika tutaona la kufanya. Labda Severina ana banda la kuku.

Baba yako


Kihesa, Iringa
3 Aprili 1955

Baba,

Natumaini mu wazima huko, maana kimya chenu kimenitisha. Machi yote nimekungoja. Kila basi la Mbeya lilipoingia nilikuwa pale stendi mara tu nikitoka kazini, mpaka makuli wakaanza kuniita mwenye basi. Daktari ameondoka juzi. Kwa nini hukuja? Kama una hasira nami kwa ajili ya chumba, ungeniandikia tu. Ningekuwa na kitu, unadhani ningekosa kukupa mahali pa kulala? Siku hizi nalala nikiwaza kwamba baba yangu amenidharau.

Sasa habari njema. Ikupa amejifungua mtoto wa kiume, tumemwita Mika. Amekuja na mapafu ya mnadani, anapiga kelele usiku na mchana. Mama yake alituogopesha. Juma moja kabla ya kujifungua nilirudi kutoka kazini jioni nikamkuta ameloa chapachapa, anatetemeka, na homa ikampata siku tatu. Nilimwuliza alikuwa anatafuta nini kwenye mvua, hakusema. Asubuhi yake tuliona mkungu wa ndizi ukutani kwa nje, umefungwa majani makavu. Nadhani ni Didas, maana huwa anapita njia za huko kwetu, ila yuko safarini sijamwuliza. Ikupa aliupokea akalia. Nikasema ni mimba.

Nijibu, Baba. Hata kwa kunikaripia.

Mwanao,
Asukile


Ilomba, Mbeya
1 Mei 1955

Mwanangu Asukile,

Mika akue, amzidi baba yake kimo na babu yake macho. Sisi wazima. Sina hasira nawe, na wala sijakudharau. Ndizi zile si za Didas.

Nilikuja. Nilifika na lori la asubuhi, si basi, ndiyo maana hukuniona. Nilimwuliza mtu nyumba ya Severina, akanionyesha. Mvua ilikuwa kubwa, nikasimama barazani kwa duka lililo ng'ambo ya barabara. Nikauona mlango wako. Ikupa alikuwa ameketi pale mlangoni anachambua mchele, na tumbo lake. Nikasahau mambo yote nikakohoa, kwa mazoea tu, kama ninavyokohoa nyumbani.

Alikijua kikohozi changu, mwanangu. Hakuinua uso. Alijifunika kanga kichwani, akaweka ungo chini, akatoka akazunguka nyuma ya nyumba, mvuani. Akaniachia mlango wazi.

Nilingoja arudi, hakurudi. Huko nyuma hakuna hata mgomba wa kujikinga. Nikaelewa kwamba nikiingia mimi, yeye atakaa nje. Angekaa nje majuma matatu na asingelalamika, namfahamu. Basi nikavuka, nikaegemeza mkungu ukutani, nikaenda zangu huku nikikohoa kwa nguvu ajue kwamba naondoka. Inaonekana mvua ilikuwa na kelele kuliko mimi, kama alikaa huko mpaka jioni. Hilo linaniuma.

Utauliza kwa nini sikukungojea. Kwa sababu wewe ungenivuta mkono, nami ningekubali, nilikuwa na hamu sana nawe. Nililala ndani ya lori pamoja na utingo, kijana wa Chunya, tukajifunika pamoja mgolole wake. Asubuhi tukaondoka.

Usimwulize mkamwana wangu lolote. Mwambie tu ndizi zimefika kwa mwenyewe. Nawe fanya kazi, utimize hiyo miaka yao mitatu.

Baba yako


Kihesa, Iringa
18 Agosti 1957

Mpendwa Baba,

Ugonile, Tata. Sisi tu wazima. Mika anasema maneno mengi, Kihehe cha majirani kimechanganyika na Kinyakyusa cha mama yake, na anauliza babu ni mtu wa namna gani. Ninyi hamjambo? Barua zako zimekuwa fupi mno, na mistari inapandana. Ya Krismasi ilikuwa na maneno matatu tu, nimeihifadhi.

Miaka mitatu imetimia. Nimeongezwa. Si nyongeza ya kumtangazia Mzee Filemoni, na bei za sokoni zimepanda nayo bega kwa bega, lakini siku ile ile nilikwenda kwa Severina kabla sijafika nyumbani. Chumba cha pili nimekichukua. Nimepaka chokaa mwenyewe. Ikupa amefagia uani na kupanda migomba miwili mbele ya mlango wa chumba hicho, ingawa kila mtu anamwambia baridi ya hapa haitaipenda. Kitanda kipo, na blanketi jipya. Daktari wa macho atakuja tena Machi, lakini usingoje Machi. Njoo sasa.

Tangu ile barua yako sijalipita duka la ng'ambo bila kutazama barazani. Sitaki kupatazama tena pakiwa patupu.

Mwanao,
Asukile


Ilomba, Mbeya
9 Septemba 1957

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa dada yako Damari, maneno ni yangu. Ndaga sana. Mimi mzima wa mwili, na mama yako anakusalimu.

Macho yamekwisha. Yalizima kabisa baada ya Pasaka. Nilikataza usiambiwe, kwa sababu ungeacha kazi ukiwa umebakiza miezi michache. Daktari wa Machi hana kazi nami tena. Usilie, Damari ananililia vya kutosha, anaichafua karatasi yako.

Chumba chako nimekipenda kwa kukisikia. Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Nitamwambia dereva anishushe pale pale dukani. Mpaka hapo njia naijua. Kutoka hapo uje unishike mkono, na Mika anishike wa pili.

Kuna watu hapa wanasema sasa naweza kulala chumba kimoja na mkamwana wangu, maana sioni kitu. Hawajui wanalosema. Mwambie Ikupa asihangaike kuingia migombani, miche yenyewe bado midogo. Akipita uani akohoe kidogo, kama nilivyokuwa namkoholea mimi. Nikisikia nitageuza uso.

Baba yako