Feni Yako Imepata Kazi

Baba,

Nina habari za feni. Ndiyo, ile ile uliyoibeba begani kutoka kwenye joto la Mitunguu baada ya kuona mwenye duka la mbolea akipulizwa mpaka akasinzia kwa raha. Ukaileta huku kwetu juu, ambako Julai mtu analala na sweta mbili. Mama akakuuliza, "Sasa hii ni ya kupuliza nani? Ng'ombe?" Tangu hapo ukikosea lolote, hata ukizidisha chumvi, lawama zilirudi kwenye feni. Tulikuzika kesi hiyo haijaisha.

Tangu uondoke, Mama hatoki jikoni. Anashinda kwenye kigoda chako kando ya mafiga, moshi wote unampitia yeye, na kikohozi kikamshika. Daktari alimwambia waziwazi: moshi utoke jikoni ama yeye atoke. Nikamsihi aje tukae naye Embu, karibu na shule ninayofundisha. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Na mzee nimwachie nani?" Mzee ni wewe, Baba. Kila asubuhi anamwagilia maua kaburini kwako huku akikugombeza, na kikohozi kikawa kinamkatiza kabla hajamaliza makosa yako. Nilimnunulia jiko la gesi, akalitandika kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu yake. Anasema githeri iliyopikwa kwa gesi ina ladha ya hospitali.

Basi nikasoma mahali kwamba feni ya mraba kama yako ikiwekwa juu ya sanduku lenye chujio za hewa pande nne, huvuta moshi na kutoa hewa safi. Nikajua hapa Mungu anamtetea Baba. Nilipata chujio kwa muuza spea mjini Meru, nikaziba chini kwa katoni, nikafunga kila upenyo kwa tepu mpaka vidole vikashikana, nikavuta waya kutoka nyumba kubwa.

Kasoro ilikuwa moja tu: feni niliilaza kichwa chini. Badala ya kuvuta, ikapuliza, tena moja kwa moja kwenye majivu. Kina mama wa kanisa, waliokuja kumwona Mama, walikuwa jikoni wamefumba macho wakiombea kikohozi. Walipofumbua, wote walikuwa na mvi, hata yule aliyeolewa majuzi.

Nikaigeuza. Moshi ukapungua, Mama akalala usiku kucha bila kukohoa, nami nikarudi Embu nikijisifu kwa kila mwalimu. Niliporudi mwisho wa mwezi, nikamsikia akikohoa tangu langoni. Nikaingia jikoni bila hodi. Feni ilikuwa imezimwa, imefunikwa leso kama mgonjwa.

Mama akanionyesha juu ya moto. Kwenye misumari uliyopiga wewe yalining'inia mahindi ya mbegu. "Hayo alichagua yeye mwenyewe, Kananu. Moshi ukiisha, fukusi watakula yote. Sasa nitapanda nini? Feni?"

Nilicheka, halafu nikalia. Sikujua bado anatunza mbegu yako. Alikuwa anakohoa ili fukusi wasiiguse.

Tukapatana. Kigoda tulikisogeza mlangoni, feni ikakaa kati yake na moto. Mahindi yanapata moshi kwanza, unaobaki unavutwa na feni. Chujio zilipokuwa nyeusi tititi nikamwonyesha: "Hii yote ilikuwa inaingia kwa kifua chako." Akapitisha kidole kwenye ule weusi, akaninyoshea mkono nimpe chujio mpya.

Daktari amempima kifua tena, amesema abaki nyumbani. Mvua imenyesha, amepanda, na mbegu yako imeota vizuri. Jana nilimkuta akiipangusa feni kwa ile leso. "Ukimwandikia baba yako, mwambie imepata kazi," akasema. "Lakini usimwambie ni mimi nimesema."

Sijakwambia.

Nakuahidi nitabadilisha chujio kila zikichafuka, na huyu mke wako wa kelele hatahamishwa kwake. Lala salama, Baba. Asubuhi ukisikia unagombezwa kuanzia chumvi mpaka feni bila kituo, ujue kifua kimepona.

Binti yako,
Kananu