Makaa Yaliyomwagwa Igoma

Buhongwa, Mwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa hatujambo, na goti la mama yako limepona. Barua yako imenipandisha hasira. Unauliza ningefanyaje, mwenye nyumba wako huko Dodoma akikukataza jiko la mkaa wakati umeme haupo siku ya tatu.

Yalinikuta Igoma, tulipokuwa tumepanga. Bibi yako alikuwa amemzaa mama yako Milembe juzi yake, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Nikawasha jiko la mkaa barazani ili apate maji ya moto ya kukandwa. Mwenye nyumba akatoka akifoka, "Moshi wako unachafua ukuta wangu," akalipiga teke. Sufuria ikapinduka, makaa yakatawanyika uani.

Nikamkaba shati, ngumi ikiwa juu tayari. Bibi yako akaja mlangoni, ameshika ukuta, akasema, "Baba Milembe, okota makaa kabla hayajazimika. Huyo hatakimbia."

Nikamwachia. Nikaokota kwa koleo, moja moja, mwenye nyumba amesimama ananitazama. Nikayarudisha kwenye jiko, nikayapuliza mpaka yakashika, nikateka maji mengine. Maji yakachemka palepale barazani kwake.

Hasira haijaniisha, sikudanganyi. Nikipita Igoma bado natamani nimkute. Lakini siku ile bibi yako alikandwa na maji ya moto.

Wewe umekula nini leo? Nijibu hilo kwanza, ya mwenye nyumba wako tutayaongea ukishashiba.

Babu yako